Ndago zilizovuka mpaka

Ko.

Hiyo ni sauti ya kiazi cha ndago, lile gugu la shambani, kikidondoka ndani ya kopo tupu la rangi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita mwaka huu wa 2025, saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umeikalia milima ya Uluguru. Nilitoka uani na kikombe cha chai. Ng'ambo ya mpaka, jirani yangu ambaye watoto wa mtaa mzima humwita Bibi Mchicha alikuwa amechuchumaa katikati ya matuta yake, kanga kaifunga kiunoni, mkononi ana kijiko cha chakula kilichopinda shingo. Hakuwa anapalilia. Alikuwa anachimbua pembeni ya jani moja, taratibu, anafuata kitu chini ya udongo kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Kisha akavuta. Vikatoka viazi vinne, vidogo kama punje za karanga, vyeusi, vimeunganishwa na uzi mwembamba wa kahawia, kimoja nyuma ya kingine, kama kipande cha tasbihi. Akavikata uzi, akavitia kopo kimoja kimoja.

Ko. Ko. Ko. Ko.

Aliponiona akanyoosha mgongo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Hiyo chai yako na huku ipo, karibu."

Nikashukuru, nikarudi ndani. Chai sikuinywa.

Nilijua ndago zile zimetoka wapi.

Kichaka

Tunakaa Bigwa, Morogoro, kwenye mteremko, na kiwanja chetu kinashuka moja kwa moja kuelekea kwa Bibi. Tulipohamia, mpaka wetu ulikuwa kichaka: lusina juu, lantana chini, kutwa ndege. Wa huku wenzangu hawahitaji kuelezwa lusina. Ni mti uliotoka Mexico na Amerika ya Kati, miaka ya 1980 ukasifiwa kila mahali kama mti wa kila shida: kuni, malisho, rutuba ya udongo. Ni kweli unavitoa. Lakini ukiukata leo, kisiki kinatoa fito kumi mwezi ujao, na maganda yake yakipasuka mbegu zinalala ardhini miaka zikisubiri mvua na mwanga. Lantana nayo ndege wanakula vitunda vyake vyeusi na kuipanda kila wanapotua.

Nilitaka uwanja wa ukoka. Nimekulia nyumba za kupanga, ua wa saruji na kamba za nguo za wapangaji sita, na tangu utotoni picha yangu ya nyumba yenye amani ni ukoka uliokatwa vizuri na mtoto anayelala chali juu yake. Sioni haya kwa hilo hata sasa.

Septemba 2023 nikaleta vijana wawili wenye mapanga na sururu. Nikawaambia sitaki kufyeka tu, nataka visiki vitoke na mizizi yake. Kwa lusina hiyo ndiyo njia inayofanya kazi, kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa sahihi. Walifanya siku nne. Walipomaliza, mpaka ulibaki ukanda mwekundu wa udongo uliotifuliwa, hatua ishirini na tano urefu, na kwa mara ya kwanza nikaweza kuona kutoka kibarazani kwangu hadi kwenye matuta ya Bibi.

Bibi alisimama upande wake siku ya pili ya kazi, akaangalia kwa muda, akaingia ndani. Nilidhani amefurahi, maana vichaka vina nyoka.

Tripu mbili

Udongo wetu ni mwekundu na mzito, ukoka unasuasua. Nikanunua tripu mbili za udongo mweusi kwa mwenye lori aliyesema umechotwa bondeni, laki na nusu kila tripu. Ulipomwagwa niliushika kwa mikono miwili nikaunusa. Ulikuwa na unyevu, laini, unanukia majani yaliyooza. Sikuuchekecha. Katika udongo mweusi wenye maji, kiazi cha ndago hakina tofauti na donge dogo la udongo wenyewe, na mimi sikuwa natafuta kitu.

Tukapanda ukoka Oktoba, kwa mistari.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka ule kila mtu ana lake la kukumbuka, na Hanang walizika watu wao baada ya maporomoko ya tope. Kwetu lilikuwa jambo dogo. Usiku mmoja wa Novemba maji yalishuka kutoka juu, yakakuta mpaka hauna mzizi hata mmoja wa kuyashika, yakapita. Asubuhi sehemu kubwa ya udongo wangu mweusi haikuwepo. Nikapiga hesabu ya hela yangu iliyosombwa. Nikanung'unika siku mbili.

Sikuuliza umekwenda wapi.

Desemba majani yakaanza kuchomoza kati ya mistari, ya kijani iliyoiva, yanang'aa, yanakua kwa kasi kuliko nilivyotegemea. Nilimwita mke wangu aje aone ukoka ulivyoshika. Yeye amekulia shambani. Akachuma shina moja, akaliviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akanipa na mimi niviringishe. Lilikuwa na pembe tatu. Shina la nyasi haliwi na pembe tatu. Ndago ni ndugu wa mafunjo yale ya kwenye madimbwi, na vidole vikishazijua pembe zile haviwezi kudanganyika tena.

Jembe

Nilichokifanya Mei 2024 kilikuwa kosa, na nakiandika kirefu kwa sababu najua kuna mtu anayesoma hapa akiwa na jembe mlangoni.

Nililima. Udongo ulikuwa umelowa kwa masika, laini, na nililima wikiendi mbili mfululizo, nikikatakata kila kitu kilichokuwa chini ya majani yale hadi mgongo ukagoma. Nilipomaliza palikuwa peupe kama uwanja wa harusi. Kabla ya kulima nilikuwa nimehesabu mashina ndani ya hatua moja ya mraba: 31. Wiki nne baadaye nikahesabu pale pale: 74.

Chini ya ardhi ndago ni mnyororo. Kiazi kinatoa uzi, uzi unavimba kuwa kiazi kingine, hicho kinatoa uzi wake. Wengi wao wako ndani ya sentimita 15 za juu, wengine chini zaidi. Na ndani ya mnyororo kuna utii: kiazi kilichochipua kinawalaza wenzake. Wanabaki hai, wamelala, wanangoja. Ukipiga jembe ukakata nyuzi, hakuna tena wa kuwalaza, na kila kipande kinaamka kuwa mmea wake. Nilikuwa nimewaamsha wote kwa mikono yangu, kwa bidii, na udongo wenye maji ukawapokea.

Nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza jioni ile nikiangalia ile 74. Jambo lililoniuma ni kwamba sikuwa mvivu.

Bomba

Julai nikaenda duka la pembejeo, nikanunua glifosati, dawa ya kuua magugu, na kuazima bomba la mgongoni.

Hapa nitapita haraka, maana wengi wenu mmeshapitia. Nilifyeka kwanza ili pawe safi, kisha nikapuliza. Yote mawili yaligongana. Dawa ile inaingia kwa jani na kushuka hadi kwenye kiazi, kwa hiyo usipoacha majani ya kutosha haina mlango. Tena Julai ni kiangazi, mmea umenyong'onyea na una vumbi, haushushi chochote chini. Hata ukipuliza vizuri, wakati wa mvua, majani yamejaa na maua yanaanza kutoka, kiazi kilicholala bila jani hakiguswi. Ukoka wangu ukafa mabaka mabaka, maana glifosati haichagui. Ndago zikawa njano kwenye ncha, zikatulia, zikarudi.

Nilikuwa na dawa ya raundi ya pili. Sikuipuliza. Jioni ile upepo ulikuwa unatoka mlimani, na nikiwa na bomba mgongoni nikaona kwamba kila tone litakalopeperuka litatua kwenye mchicha ambao kesho kutwa utakuwa kwenye sufuria za watu. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glifosati kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine, ya Marekani mojawapo, zikasema ikitumiwa kwa maelekezo haina hatari hiyo. Mimi si mwanasayansi wa kuamua kati yao. Ila mchicha haukuwa wangu.

Nikarudisha bomba.

Kiazi hakina mabawa

Februari mwaka huu nilifunga viazi kadhaa kwenye leso, nikampelekea afisa ugani ninayefahamiana naye. Akakipasua kimoja kwa kucha. Ndani kilikuwa cheupe, na harufu yake ilikuwa kali, kama kafuri iliyochanganyika na udongo. Akaninusisha, akaniuliza swali moja.

"Udongo ulinunua wapi?"

Nikashangaa amejuaje kama nilinunua.

Akaniambia ndago ya aina hii inatoa mbegu, lakini mbegu zinazoota ni chache mno. Safari zake karibu zote inasafiri kwa kiazi. Na kiazi hakina mabawa. Ikionekana mahali ambapo haikuwepo, kuna kitu kimeibeba: jembe la kuazima, samadi, miche ya kitalu, maji ya mafuriko, au lori la udongo.

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Nilikuwa nimempata mkosaji, mwenye lori. Nilimlaumu miezi minne mizima, mbele ya kila aliyetaka kusikia.

Mpaka ile Jumamosi ya kopo.

Wiki tano

Sikumwambia. Wiki ya kwanza nilijipa sababu kwamba huenda za kwake zilikuja na samadi. Wiki ya pili nikasema huenda zilikuwepo siku zote, sikuwa nimeangalia. Bibi analima pale tangu kabla sijazaliwa.

Jumapili moja akiwa kanisani nikasimama mpakani nikaangalia kwa makini nilichokuwa naogopa kukiangalia. Ukuta wa tuta lake la juu ulikuwa umemeguka kidogo, na kwenye mmeguko ule rangi mbili zilionekana wazi: chini udongo mwekundu wa Bigwa, juu yake tabaka la udongo mweusi, nene kama upana wa kiganja changu, limelala kama masizi juu ya chungu. Ndago zilikuwa zimesimama kwenye weusi ule. Matuta ya chini, ambako weusi haukufika, yalikuwa na chache tu.

Baada ya hapo sikuwa na sababu yoyote iliyobaki, na bado sikumwambia.

Nilianza kununua mchicha mafungu manne badala ya mawili. Nilimtuma kijana akamsaidie kumwagilia. Usiku nilikuwa nawaza ataniomba nini. Atataka nimlipe msimu mzima? Atakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa? Hilo la hela lilikuwepo kichwani na silifichi. Lakini zaidi ya hela ilikuwa ile namna anavyonikaribisha chai kila asubuhi, na mimi kujua kwamba ananikaribisha bila kujua.

Halafu kulikuwa na jambo lingine zito zaidi, ambalo nililiona kadiri nilivyoendelea kusoma. Adui mkubwa wa kiazi cha ndago ni jua. Ukikitoa juu wakati wa kiangazi, kikakaa kwenye udongo mkavu siku nyingi za jua kali, kinasinyaa na kufa. Kwa hiyo kiangazi ndiyo nafasi. Na Bibi anamwagilia asubuhi na jioni kwa sababu kiangazi ndipo mchicha unapokuwa adimu sokoni na fungu linapokuwa na bei. Maji yake ndiyo yaliyokuwa yanazinywesha ndago. Ili zife, ilibidi ayaache matuta yake bora yakauke, miezi ileile inayomlisha mwaka mzima.

Ningemwambiaje mtu kwamba nimekuletea ugonjwa, na tiba yake utailipa wewe?

"Kiangazi hakitakusubiri," mke wangu akasema. Hakusema zaidi ya hapo, akaendelea kuchambua mchicha. Tulikuwa na mafungu manne.

Lusina zangu

Nilikwenda jioni, katikati ya Julai. Nilikaa kwenye kigoda alichonisogezea. Nikaeleza yote kwa mpangilio, kichaka, lori, mvua, viazi. Nilikuwa nimejiandaa, na maneno yalitoka kama yalivyopangwa.

Aliendelea kufunga mafungu kwa ajili ya asubuhi. Nilipomaliza akasema, "Najua, baba. Tangu usiku ule wa mvua. Udongo wangu mwekundu, wako mweusi. Ulikuja ukaufunika wangu kama blanketi. Mwanzo nikasema, ah, rutuba hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona unalima kwako mpaka usiku. Nikasema huyu naye ana lake."

Nikaanza kuomba msamaha. Akaniinulia kiganja.

"La ndago ni la mvua na la huyo mtu wa lori. Lakini lusina zangu."

Sikuelewa.

"Mbuzi wangu walikuwa wanakula nini, unafikiri? Kila jioni nakata matawi pale mpakani. Miaka yote. Aliyekuwa na kiwanja kabla yako ananijua. Wewe umekuja na sururu, siku nne, hukunipigia hata hodi. Mbuzi nikauza mmoja baada ya mwezi."

Wiki tano nilikuwa nimebeba kosa, na kosa lenyewe halikuwa lile nililolibeba. Nilikumbuka alivyosimama siku ile ya pili akiangalia, na nilivyosema moyoni kwamba amefurahi kwa sababu ya nyoka. Ningevuka hatua kumi kumuuliza, angenijibu. Na kama angenijibu, huenda ningeacha nusu ya kichaka, na mizizi ile ingeushika udongo usiku ule wa Novemba.

Nikasema, "Nisamehe, Bibi. Sikuuliza."

"Hukuuliza," akasema. Akanipa fungu la mchicha. Nilipotaka kulipa akalirudisha kapuni, kwa hiyo nikalipokea bure.

Kiangazi

Tuliyoyafanya tangu hapo nayaandika kama tulivyoyafanya. Udongo wako unaweza kutaka mengine.

Matuta manne ya juu tuliyaacha bila maji. Hatukulima kwa jembe. Tulitumia uma wa shamba, tukiinua bonge la udongo bila kulikata, tukalivunja kwa mikono na kufuata kila uzi mpaka mwisho wake. Kila wiki tuligeuza udongo ule ili ulio chini uone jua. Viazi tulivyookota tulivianika juu ya bati wiki mbili, kisha vikaingia jikoni motoni. Haviendi jalalani, haviendi kwenye mbolea, na kwenye mtaro ndiyo kabisa; yuko jirani mwingine kule chini.

Matuta mawili ya katikati Bibi alikataa yakauke. Tukayapanda marando ya viazi vitamu, kwa kubananisha. Ndago inataka jua la kutosha, kivuli kinaidhoofisha, na majani ya viazi vitamu yakishafunga ardhi yanaitengenezea giza. Hilo alilijua yeye, sikulisoma popote.

Mchicha tuliuhamishia kwangu. Mbele ya geti kuna eneo nililoliacha kwa ajili ya kuegesha gari, udongo mwekundu, tripu zile hazikufika. Niliogopa samadi, kwa hiyo tulipoileta tuliiweka kwanza kwenye karai, tukaimwagia maji wiki mbili na kusubiri kama kuna kitakachochipua. Hakikuchipua kitu. Sasa kila asubuhi Bibi anaingia getini kwangu na ndoo yake, na anayetaka mchicha anaujia kwangu. Tuliwahi kuongea kuhusu fidia mara moja. Alisema maji ya bomba langu yanatosha mpaka vuli, na pale palipopungua tutaona.

Upande wangu ukoka umebaki theluthi moja. Nilikotoa, kwanza niliweka nailoni nyeusi, na baada ya siku tisa ncha za ndago zikaitoboa kama sindano, safi kabisa, kila moja na tundu lake. Niliitoa nikaweka mifuko ya sandarusi iliyofumwa, mikunjo miwili, na hiyo mpaka sasa imezuia. Palipobaki ukoka nang'oa kila Jumamosi kwa kijiko. Kawaida yake mche mpya unahitaji kama mwezi kabla haujaanza kutengeneza viazi vingine, kwa hiyo ukiutoa kila unapofika majani manne au matano, kiazi mama kinatumia akiba yake kuchipua na hakirudishiwi kitu. Kina akiba ya kuchipua mara nyingi. Nimeshajua hilo.

Kwenye mpaka Bibi ndiye aliyepima. Nilitaka mfereji ushuke wima, maji yapite upesi. Akakataa, akatembea na fimbo akichora mstari unaokata mteremko kwa ubavu, akasema makinga maji yapite hapo. Aliniambia baba yake alikuwemo kwenye mgomo wa mwaka 1955, Waluguru walipokataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. "Watu wanadhani walikataa kuzuia udongo," akasema. "Yale matuta yaliuzika udongo mzuri na kuleta juu ule wa chini usioota kitu. Ndicho walichokikataa." Tukachimba alipochora. Juu yake tukapanda mabingobingo kwa ajili ya mbuzi aliyebaki.

Halafu akaomba lusina tatu.

Hapo moyo wangu ulisita, na ukweli ni kwamba haujatulia mpaka leo. Najua mti ule. Najua utataka mpaka wote. Tulikubaliana ziwe tatu, zikatwe kila mwezi kwa ajili ya malisho, na ganda lisikauke juu ya mti hata moja. Hatukuhitaji kupanda. Tulipomwagia maji makinga maji, mbegu zilizokuwa zimelala tangu kichaka kile ziliota zenyewe, makumi kwa makumi, na tukachagua tatu. Nyingine nazing'oa zikiwa na urefu wa kidole.

Oktoba

Wiki hii mawingu yameanza kukaa juu ya Uluguru mchana. Vuli ikija, matuta ya juu yatapata maji kwa mara ya kwanza tangu Julai, na kilichobaki hai chini kitajionyesha. Usiku naamka nikidhani nimesikia mvua kwenye bati.

Jana jioni tulizunguka matuta yote, kila mmoja na kijiko chake. Kwake tulipata viazi vinne. Kwangu kumi na saba. Bibi alivihesabu mara mbili, akavimwaga juu ya bati, akavisambaza kwa kiganja ili visigusane.

Kopo aliliacha kwangu, kwenye ngazi ya kibaraza.